Kisogo

Walinitaka kwa ajili ya kisogo.
Uso wangu, alisema Bogna Sulimska,
ungefaa tangazo la dawa ya minyoo.
Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni ya mkate,
hapa Łódź, asubuhi ya Februari,
theluji imeshageuka uji wa makaa,
akanigusa bega: Usigeuke, tafadhali.
Nikasimama hivyo hivyo, sarafu mkononi,
kama mtu aliyeambiwa ana nyigu ukosini.

Mimi ni fundi wa boila, bwawa la manispaa.
Falsafa kwangu lilikuwa neno la mlangoni
kwenye ofisi zisizopata joto.
Nikaelezwa: marehemu Profesa Teofil Warnke
aliandika kitabu kimoja, kurasa tisini na moja,
kisha akatumia umri wake wote kukifupisha.
Toleo la mwisho lina kurasa kumi na nne.
Angeishi zaidi, alisema Bogna,
angetuachia koma.

Hadithi hakuitaka kwenye filamu yake.
Asizaliwe, asioe, asife.
Alitaka kulipiga picha wazo
kabla halijavishwa maneno.
Kwa hiyo: dakika kumi na moja, birika linachemka.
Dakika sita, ngazi, hapandi mtu.
Halafu mimi, kwa nyuma, dirishani,
dakika ishirini na mbili bila kukohoa.

Nifikirie nini?
Chochote. Kamera itajua.
Nikafikiria vali namba tatu, ile inayovuja.
"Hapo," akanong'ona Bogna, "hapo hapo,
hiyo ndiyo sura ya nne."

Kila siku alikuja mjane, Bi Eufemia,
na koti la manyoya lililoliwa na nondo,
akakaa kwenye kiti cha kukunja kando ya nyaya
akisahihisha. Bega la kushoto lilikuwa chini,
bega la mkoba. Shusha. Shusha tena.
Na nje hakutazama hata siku moja.
Alitazama kioo chenyewe, uchafu wake,
kisha akaniambia mimi nikisafishe.
Watu wa taa wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya tisa umeme ulikatika.
Bogna akatoka kugombana na simu,
wengine wakaenda kuvuta sigara.
Mimi nilibaki nimempa mama wa watu kisogo,
maana hakuna aliyeniambia nigeuke.
Nikasikia kiti kinalia. Nyayo.
Mkono, baridi kama koleo,
ukaunyoosha ukosi wangu.
"Miaka thelathini na minane," akasema, wala si kwangu,
"nimezungumza na hapa.
Nikileta chai, hapa.
Nilipomwambia mtoto hakupona, hapa.
Akajibu: Najua. Na hapa pakawa pekundu
mpaka masikioni.
Kitabuni mwake hamna."

Hamna kweli. Nilikuja kukisoma
kwenye joto la boila, mara mbili, kwa kidole.
Kinasema mtu hujijua kwa kujifuta.
Sawa. Wahenga walisema nyani haoni kisogoye;
hawakusema ni nani anayekiona,
na kwa miaka mingapi.

Kamera ilikuwa na betri yake.
Bogna aliuacha ule mkono, sauti akaifuta,
na bwana mmoja wa gazeti akaandika
kwamba ni mkono wa Akili inayojisahihisha.

Tuliiona katika ukumbi wa viti arobaini.
Birika liliondoa watu kumi na wawili.
Ngazi ziliondoa waliobaki, karibu wote.
Bi Eufemia hakuja. Alisema ameshaiona.
Kisha nikatokea mimi, mkubwa kama lango,
na chini ya nywele, upande wa kulia,
palikuwa na kovu nisilolijua.

Nikamwinamia mke wangu: Lile ni la lini?
Halszka hakuondoa macho kwenye pazia.
"Lipo tangu sijakuoa. Kwani unadhani
usiku huwa natazama nini?"
Na linafanana na nini?
Akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu,
mkono ukutani ukinyoosha ukosi wangu.
"Koma," akasema.